Gari Linazima Ukifika Kileleni? Pima Valvu ya VVT-i Kabla ya Kununua Injini



Wiki hii kitunguu kipumzike kidogo, tuzungumze kuhusu gari linalokibeba. Tangu mavuno haya yaanze nimeona magari matatu ya wanunuzi wetu yakilala gereji, na kila moja likilala, magunia yenu yanabaki chini ya mwembe yakisubiri. Mnunuzi mmoja akikosa usafiri, yule aliyebaki anajipangia bei. Hilo mnalijua kuliko mimi. Kwa hiyo gari la mnunuzi likiumwa, ugonjwa ni wetu sote.

Magari ninayoyasema ni yale madogo ya Kijapani ambayo siku hizi ndiyo punda wetu: Probox, Raum, IST, Spacio, Fielder. Mengi kati ya hayo yana injini ya 1NZ-FE, silinda 4, cc 1,497. Ukifungua boneti utaona herufi VVT-i. Wengi wanadhani ni jina la urembo tu kama lile la kwenye mlango wa nyuma. Sivyo. Ni kifaa kinachofanya kazi, na kikigoma kinaweza kukufanya uuze shamba kwa kosa lisilo la injini.

Injini inapumua. Kuna valvu zinazofunguka kuingiza hewa na petroli, na kuna zinazofunguka kutoa moshi. Zinafunguliwa na kemshafti, na kemshafti inazungushwa na cheni ya taimingi. Katika injini za zamani valvu zilifunguka kwa wakati uleule siku zote, uwe umesimama getini au unapanda mlima na mzigo. VVT-i inaruhusu wakati huo uwahishwe au ucheleweshwe. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, ile hali mafundi wetu wanaiita sailensa, valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunguka ili injini itulie. Ukianza kupanda zinawahishwa ili injini ivute vizuri.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kiini kilipo. Anayesogeza kemshafti mbele au nyuma ni oili, oili ileile ya injini. Mbele ya kemshafti kuna gia yenye vyumba ndani yake. Oili ikiingia chumba hiki, kemshafti inasogea mbele; ikiingia kile, inarudi nyuma. Anayeamua iingie wapi ni valvu moja ndogo ya umeme, yenye ukubwa wa kidole gumba hivi, yenye soketi ya waya mbili. Kompyuta ya gari inaipelekea umeme, kijipistoni kilichomo ndani kinateleza, njia moja inafunguka na nyingine inaziba. Umeme ukikatika, springi inakirudisha.

Ninyi wa kilimo cha umwagiliaji hamhitaji maelezo zaidi ya hayo. Oili ni maji, ile valvu ni mlango wa mfereji, na gia ni majaruba mawili. Mfereji ukijaa tope, mlango haufungi wala haufunguki sawasawa, na jaruba moja linafurika huku lingine linakauka. Hakuna mtu mwenye akili anayeng'oa vitunguu vyote kwa sababu mlango wa mfereji umekwama.

Kuna mama mmoja ananunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipandisha Iringa kwa Probox. Wengi wenu mmeshamuuzia. Dereva ni mtoto wa dada yake. Gari lilianza vituko hivi: asubuhi linawaka vizuri, linatembea vizuri, linapanda Kitonga ingawa kwa uzito, lakini likifika juu na kusimama kwenye kizuizi linatetemeka kama mtu mwenye malaria, kisha linazima. Ukisubiri nusu saa linawaka tena. Jioni linalala, kesho asubuhi halina tatizo lolote.

Alilipeleka gereji. Akaambiwa plagi, akanunua 4. Likarudia. Akaambiwa koili, akanunua moja. Likarudia. Akaambiwa pampu ya petroli, akanunua, na hiyo si bei ya plagi. Throtoli ikasafishwa. Likarudia. Mwisho akaambiwa, "Mama, injini imechoka, tafuta injini." Ya mtumba, shilingi 1,800,000, ufundi mbali. Akaja kwangu, si kwa ajili ya gari, bali kunisaidia nimshauri kama achukue mkopo wa kikundi chake cha VICOBA. Mkopo ule ndio alioutegemea kununulia vitunguu mwezi unaofuata.

Nikamwuliza swali ambalo nawauliza ninyi kila mkiniletea jani la njano: limeanza lini, na linatokea wakati gani? Jani la kitunguu likigeuka njano linaweza kuwa limekosa mbolea, au maji yametuama, au thripsi, au mzizi umeoza. Anayenyunyizia dawa kabla ya kung'oa mche mmoja na kuangalia mzizi anabahatisha kwa pesa ya mwenzake. Plagi, koili na pampu zilikuwa kunyunyizia dawa tu. Kila moja ingeweza kuwa sababu, lakini hakuna iliyopimwa.

"Bwana shamba, na wewe umekuwa fundi?" aliniuliza. Si fundi. Mdogo wangu ndiye fundi wa umeme wa magari, na likizo zangu nyingi nimezimalizia gereji kwake nikimshikia taa. Nilichojifunza pale ni kwamba fundi mzuri anauliza sana kabla ya kushika spana.

Tazama dalili za yule mama jinsi zinavyoeleza zenyewe. Asubuhi gari ni zima, kwa sababu injini ikizimwa gia ya VVT-i hurudi na kujifunga mahali pake pa kuwashia. Kwenye mlima kompyuta inaagiza valvu za hewa ziwahi. Sawa. Ukifika juu na kuachia mafuta, zinatakiwa zirudi nyuma haraka. Kile kijipistoni kikikwama kwenye tope, kemshafti inabaki mbele. Injini inajikuta kwenye sailensa huku valvu za kuingiza hewa zimefunguka kabla zile za moshi hazijafunga vizuri. Moshi unachanganyika na hewa mpya, moto unakuwa dhaifu, gari linatetemeka, linazima. Pampu mbovu ya petroli mara nyingi ingekuangusha katikati ya mlima, wakati mahitaji ni makubwa. Hili liliangusha baada ya mlima. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa na thamani ya injini nzima, na gereji yote ile hakuna aliyeiuliza.

Kuna sura ya pili ya ugonjwa huohuo. Valvu ikikwama upande wa kuchelewa, sailensa inakuwa tulivu kabisa, ila gari linakuwa zito, halivuti, na petroli inaliwa. Huyo naye ataambiwa gia boksi inateleza. Na kuna sura ya tatu: mkwaruzo wa sekunde moja au mbili ukiwasha gari asubuhi. Huo mara nyingi hauhusu valvu bali gia yenyewe, kile kipini chake cha kujifungia kimechakaa. Nitaurudia baadaye.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Simamisha gari pahali pa tambarare, zima, subiri dakika chache, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, chomoa tena. Ipo kati ya alama mbili? Ina rangi gani? Ukiisugua kati ya vidole inateleza au ina uji? Kijiti cha Probox ile kilitoka na oili nyeusi nzito, chini ya alama ya chini. Kifuniko cha kujazia oili kilikuwa na utando mweusi upande wa ndani kama masizi ya sufuria. Kijana alikuwa anaongezea tu, nusu lita hapa, nusu lita pale, ile oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Servisi kamili hakumbuki.

Oili ikiwa chini, mgandamizo hautoshi kusogeza ile gia. Ikiwa chafu, inaziba vijitundu. Ikiwa nzito kupita kiasi, inachelewa kufika, hasa injini ikiwa ya baridi. Injini hii kiwandani imepangiwa oili nyepesi ya 5W-30, na kwa kumwaga pamoja na kubadili filta inachukua lita 3.7. Madukani kwetu wengi wanapewa 20W-50 kwa maneno kwamba "hii ndiyo ya joto la huku". Injini kuukuu inayovuja inaweza kuvumilia, lakini kwa mfumo unaotegemea oili ipite kwenye vijitundu vyembamba, mimi siishauri. Na ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa naiweka fungu moja na viuatilifu vinavyouzwa kwenye chupa za soda. Hujui ni nini, hujui ilikuwa wapi jana.

Kipimo cha pili ni kusoma kumbukumbu ya kompyuta. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka, kuna namba imehifadhiwa. Usikubali kuambiwa "nimepima kwa kompyuta, ni sensa" bila kuonyeshwa namba. Iandike kwenye daftari lako la mauzo. P0010 inasema njia ya umeme ya ile valvu ina kasoro: waya, soketi au koili iliyomo ndani ya valvu. P0011 inasema kemshafti ya kuingiza hewa imebaki mbele kuliko ilivyoagizwa. P0012 inasema imebaki nyuma. Kwenye Toyota za miaka ya nyuma kidogo unaweza kukutana na P1349, ambayo ni kasoro ya mfumo wa VVT-i, au P1656, ambayo ni njia ya umeme ya valvu. P0016 ni nyingine: kemshafti na kranki hazilingani, na hapo cheni ya taimingi inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Namba inakuonyesha chumba cha kuingia. Haikuambii ununue nini. P0011 inaweza kuletwa na valvu iliyokwama, oili chafu, kichujio kilichoziba, gia iliyokwama au cheni iliyolegea. Sababu tano, na ya bei rahisi kuliko zote ni oili. Tena vile vifaa vidogo vya kuchomeka na kusomea kwenye simu wakati mwingine havielewani na magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Kikishindwa kusoma, haimaanishi gari halina kosa.

Probox yetu ilitoa P0011.

Kipimo cha tatu ni macho na pua kwenye waya. Fuata waya mbili zinazokwenda kwenye valvu, iliyoko kichwani mwa injini upande wa cheni. Angalia kama soketi imelegea, kama oili imeingia ndani yake, kama kuna waya umetafunwa. Mnaocheka kuhusu panya, mjue gari linaloegeshwa ubavuni mwa ghala la mahindi ni nyumba ya pili ya panya. Boneti ina joto usiku, na waya zina ganda laini. Nimeona kwa macho yangu waya wa taa umekatwa safi kama kwa wembe, na punje za mahindi zimepangwa juu ya betri. Tega mitego hata huko.

Ukiwa hapo, na gari likiwa linatetemeka, chomoa ile soketi. Angalia mikono yako na mikanda inayozunguka, na usivae kanga wala shati linaloning'inia. Umeme ukiondoka, springi inatakiwa kurudisha kijipistoni upande wa kuchelewa. Gari likitulia, valvu yenyewe inateleza na kosa liko kwenye agizo la umeme. Likiendelea kutetemeka vilevile, ama imekwama kimwili, ama tatizo liko kwingine kabisa. Taa ya injini itawaka kwa kuchomoa huko, usishtuke. Sisi tulilifanya hili juu Ilula, gari likiwa la moto na mzigo mgongoni. Halikubadilika hata kidogo.

Kipimo cha nne kinahitaji mita ya umeme, ile ambayo kila fundi redio anayo. Zima injini, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za valvu. Kwa injini hii, ikiwa ya baridi, kwenye nyuzi 20, inatakiwa isome kati ya 6.9 na 7.9. Mita isiposoma kitu, koili ya ndani imekatika, valvu hiyo imekufa na hakuna kusafisha kutakakoifufua. Ya mama ilisoma 7.3. Umeme wake ulikuwa mzima. Kwa hiyo anayekuambia "sensa imeungua" bila kugusa mita amekuambia ndoto yake. Na kwa taarifa yako, hiyo si sensa. Wauzaji wengi wa spea wanaiita "sensa ya VVT", ukienda na jina hilo unaweza kupewa sensa ya kemshafti, kitu tofauti chenye sura tofauti. Nenda na kifaa chenyewe mkononi.

Kipimo cha tano ndicho ninachokipenda, kwa kuwa hakina maneno mengi. Injini ikiwa sailensa na imetulia, soketi ikiwa imechomolewa, mpe valvu umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili, kwa sekunde chache tu. Valvu, oili na gia zikiwa nzima, injini lazima itetemeke au izime, maana umeilazimisha kemshafti iende mbele wakati haitakiwi. Ajabu ya kipimo hiki ni kwamba gari likizima unashangilia. Lisipobadilika, oili haifiki au kitu hakisogei. Mfanyie fundi anayejua, maana waya zikigusana au kugusa bodi utachoma fyuzi, na ukikosea zaidi utamlisha umeme waya wa kompyuta.

Kesho yake asubuhi Probox ilikuwa imelala, imetulia. Tukaipa umeme. Kimya. Ikaendelea kunguruma kama haijasikia.

Hapo ndipo spana ilipotoka, si kabla. Valvu imeshikwa na bolti moja ndogo ya namba 10. Unaizungusha taratibu ukiivuta, huitumii nyundo. Ilipotoka, vijidirisha vyake vilikuwa vimeziba kwa tope jeusi. Tuliipa umeme ikiwa mkononi: haikusogea. Tukaiosha kwa dawa ya kusafishia kabureta, tukaipa umeme, tukaosha, tukaipa tena, mpaka ikaanza kugonga tak, tak, na ukiichungulia unaona kijipistoni kinakwenda na kurudi. Injini hizi zina pia kichujio kidogo cha wavu kwenye njia ya oili kabla ya valvu, nyuma ya bolti yake. Mafundi wengi hawakijui, na ukibadili valvu bila kukisafisha umebadili mlango wa mfereji na kuacha tope. Chetu kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu.

Tukamwaga oili, tukaweka filta mpya, oringi mpya ya valvu, oili ya 5W-30 ya kopo lenye lakiri. Bolti ile usiikaze kwa hasira, imefungwa kwenye bati laini la kichwa cha injini, meno yakikatika umeanzisha msiba mwingine. Tukafuta namba kwenye kompyuta. Tukarudia kipimo cha tano, na injini ikazima papo hapo. Kijana alipiga makofi.

Nisiwadanganye kwamba hadithi iliishia hapo. Baada ya wiki mbili mtetemeko ulirudi, hafifu, mara moja moja. Tope lililokuwa limelala ndani ya injini lilikuwa limeanza kuyeyuka na kusafiri, na kijipistoni kilikuwa na mikwaruzo. Oili ikamwagwa tena mapema, ikatoka nyeusi, na mara hii akanunua valvu nyingine. Kwa jumla, oili mara mbili, filta mbili, oringi na valvu havikufika hata robo ya ile injini ya mtumba. Mkopo wa VICOBA ukaenda kwenye vitunguu, ndiyo maana alikuja kununua kwenu mwezi ule.

Kuna dawa za kumimina ndani ya injini zinazoahidi kuosha tope lote kwa dakika 10. Kwa injini iliyokaa muda mrefu na uchafu, mimi naziogopa. Tope likibanduka kwa mapande linashuka kwenye chekecheo la pampu ya oili na kuliziba, na injini isiyo na oili haikupi onyo la pili. Afadhali kumwaga oili mara mbili au tatu kwa vipindi vifupi, liyeyuke polepole.

Sasa ule mkwaruzo wa asubuhi niliouahidi. Kama valvu inagonga, kichujio ni safi, oili ni nzuri na imejaa, lakini kipimo cha tano hakibadilishi kitu, basi gia ya VVT-i yenyewe imekwama au imechakaa. Hiyo inahitaji kufungua kava ya cheni, na mafundi wa kando ya barabara wasiwe wa kujifunzia kwako. Cheni ikiwa imelegea, ukimpata fundi anayeijua kazi, badilisheni cheni na vikaza cheni vyake wakati huohuo, kwa sababu gharama kubwa ni ya kufungua. Na ukisikia mkwaruzo mrefu unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto, usipakie mzigo. Cheni ikiruka meno, hapo ndipo utaihitaji kweli ile injini ya mtumba.

Jambo la mwisho ni kwa mnaoagiza spea za mtumba Kariakoo kupitia makondakta. Valvu ya mtumba inapimika pale pale dukani: mita kwenye pini mbili, kisha waya mbili na betri. Mwambie anayekununulia aisikie ikigonga na aone kijipistoni kikisogea kabla hajalipa. Muuzaji akikataa kuipima, duka la jirani lina nyingine. Piga picha namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani na umtumie, kwa sababu zinafanana kwa sura lakini urefu unatofautiana kati ya injini na injini.

Wiki ijayo tunarudi kwenye thripsi. Nimeona mashamba ya upande wa mto yameanza kuwa na michirizi ya fedha kwenye majani, na wengine mmeshaanza kuchanganya dawa mbili.